Kijiko cha Fundi Sikio

Ndugu zangu, sogeeni karibu. Na kama kuna mwenye funguo au njiti sikioni saa hii, aitoe kwanza, maana habari hii inamhusu yeye kabla ya jirani yake. Sitamtaja mtu kwa jina. Nitaeleza tu yaliyoipata nyumba moja iliyokuwa na amani tele, na mwenye kujijua atajijua.

Nyumba hiyo ilikuwa na watu watatu. Baba alikuwa fundi wa magari na watu wote walimwita Fundi Sikio. Jina hilo hakulipata bure. Gari likiletwa gerejini kwake, hakukimbilia kufungua kitu. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Beringi ya tatu." Wenzake wakifungua, wanakuta beringi ya tatu kweli imekwisha. Watu walitoka mbali kumletea magari yaliyowashinda mafundi wengine.

Juu ya lango la gereji alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kubwa: USIGUSE. LETE. Kama kuna kitu kilichomtia hasira, ni mteja aliyejitengenezea mwenyewe kwanza kwa waya na misumari, mambo yakamharibikia, ndipo akakumbuka kuna fundi. Hapo Fundi Sikio alikuwa akitoa kichwa chini ya boneti na kufoka mpaka mtaa wa pili wasikie: "Nani amegusa hapa?" Mwenye gari anaangalia viatu vyake. Siku nzima inaharibika.

Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake ikiwa chumba cha mbele kando ya dirisha. Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi. Baba yake alimwita Kasuku, kwa sababu mtoto yule aliongea tangu kupambazuka hadi kulala, na hakuna sauti aliyoshindwa kuiga. Aliiga honi, aliiga mlango wa jirani unaokwaruza, aliiga hata kikohozi cha mwenye duka, na mwenye duka alicheka mpaka akakohoa tena.

Jumapili asubuhi ndiyo ilikuwa raha yao. Baba na binti walikaa barazani, wakageuzia barabara mgongo, wakashindana kutambua magari kabla hayajapita.

"Lori la maji," anasema baba.

"Lori la maji tupu, baba. Likijaa linaguna."

"Haya, na hilo?"

"Gari la maziwa. Mkanda wake unalia, umwambie dereva akuletee."

Gari likipita, linakuwa ni hilo hilo la maziwa, na mkanda unalia kweli. Fundi Sikio alikuwa akipiga goti lake kwa furaha na kumwita mkewe aje aone maajabu. Mkewe anajibu kutoka ndani kwamba ameyaona maajabu hayo Jumapili mia moja na nguo za watu haziwezi kujishona. Basi wanacheka wote watatu.

Hapo sasa ndipo penye kidonda. Baada ya mchezo, Fundi Sikio alikuwa akiingia ndani na kutoka na kikopo cha peremende. Ndani ya kikopo, juu ya pamba, kililala kijiko chembamba alichokitengeneza kwa mikono yake kutokana na spoki ya baiskeli. Alikuwa ameipiga nyundo ncha yake ikawa bapa, akaikunja, akailainisha kwa tupa na msasa mpaka ikang'aa. Kilikuwa kitu kizuri, siwezi kusema uongo. Kwa kijiko hicho alisafisha masikio yake, ya mkewe na ya bintiye, kila Jumapili ya Mungu. Majirani nao walizoea. Walikaa kwenye benchi kwa foleni na taulo mabegani, na Fundi akawatoa nta akiwaonyesha kwenye karatasi nyeupe, nao wakishangaa kana kwamba wameonyeshwa dhahabu.

"Injini chafu haisikilizani na mwenyewe," alikuwa akisema, na watu wakiitikia kwa kichwa.

Ninyi mnaocheka, hebu semeni ukweli. Mikobani mwenu kuna nini? Pini ya nywele. Kifuniko cha kalamu. Unyoya wa kuku mmeuhifadhi ndani ya daftari. Tuendelee.

Jumapili moja Kasuku alikuwa na mafua. Pua imeziba, macho yanatoka machozi. Mama yake alisema leo mwache mtoto, lakini Fundi alisema mafua yako puani, yeye anashughulika na sikio, na tangu lini pua na sikio vikawa ndugu? Akamkalisha kwenye kigoda, akainamisha kichwa chake pajani, akaingiza kijiko sikio la kulia. Alikuwa ameingia ndani zaidi kuliko siku zote, maana aliona kitu kinang'aa akadhani ni nta.

Kasuku akapiga chafya.

Ukelele aliotoa mtoto yule ulimfanya mama yake aiache cherehani ikizunguka. Alipofika barazani alikuta tone la damu kwenye taulo na mtoto ameshika sikio kwa mikono miwili, analia bila sauti.

"Twende hospitali," alisema mama.

"Hospitali ya nini? Ni mkwaruzo tu."

"Baba Kasuku, mtoto anatoka damu sikioni!"

"Mama Kasuku, nani fundi wa masikio hapa? Nimesafisha masikio ya mtaa mzima, hajafa mtu. Lete mafuta ya kupikia, yapashe moto kidogo, kesho amepona."

Akamtia mafuta. Mtoto alisema yanachoma ndani kwa ndani, akaambiwa hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Sasa niambieni, dawa gani inatoka kwenye chupa ile ile iliyokaanga mayai asubuhi? Lakini Fundi alikuwa na sababu yake, nayo haikuwa ya dawa. Aliona aibu. Mtu anayeitwa Sikio aende kwa daktari kusema ameharibu sikio la mwanawe? Watu wangesema nini? Alijiapiza kwamba ataliponya mwenyewe na mambo yaishe kimyakimya.

Hayakuisha. Baada ya siku nne sikio likaanza kutoa maji, na baada ya wiki maji yakawa usaha. Mto wa Kasuku ulikuwa na doa kila asubuhi. Harufu ikaja. Mama alifua foronya bila kusema neno, kisha akasema maneno mengi, kisha akachoka akarudi kunyamaza. Fundi alibadilisha dawa. Mafuta yalipokataa alijaribu maji ya kitunguu aliyoambiwa na jirani. Kitunguu kilipokataa alirudi kwenye kijiko, akasafisha usaha kila jioni, na kwa kuwa aliona sikio la kushoto linaona upweke, nalo akalizidishia usafi, akisukuma nta ndani badala ya kuitoa. Hakujua. Yeye aliona anafanya kazi nzuri.

Nyumba ile ilianza kubadilika taratibu. Kasuku akaacha kuiga sauti. Akawa anajibu "ndiyo" kwa kila jambo, hata ukimuuliza anataka chai au uji. Mwalimu wake akaandika barua ya mistari mitatu: mtoto huyu zamani alikuwa mbele, siku hizi anaitwa haitiki, imla anaandika vitu vyake, naomba mzazi amkanye. Baba akamkanya kweli. Kasuku alimtazama mdomo wakati wote akikanywa, na mwisho akasema, "Ndiyo, baba."

Barazani Jumapili mchezo uliendelea, lakini haukuwa mchezo tena.

"Hilo gari gani, Kasuku?"

"Lori la maji."

Ikapita pikipiki.

"Umekuwa mvivu wa kusikiliza," alisema baba yake, akacheka. Hakuna aliyecheka pamoja naye. Mama yake alikuwa mlangoni, pini mdomoni, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo mimi nisingependa kutazamwa nalo.

Siku ile mama alijaribu mara ya mwisho kwa upole. "Mume wangu, ukiletewa gari linavuja mafuta mwezi mzima utasemaje?"

"Mtoto si gari."

"Ndiyo maana nasema," alijibu mkewe. "Kesho kutwa nikimaliza nguo hii ninampeleka, utake usitake."

Lakini kesho kutwa ilitanguliwa na kesho.

Ilikuwa saa nne asubuhi, shule zimefunga. Mama alimtuma Kasuku uzi mweusi dukani, ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji. Fundi alikuwa amesimama langoni chini ya maandishi yake mekundu, akifuta mikono kwa tambara. Alimwona bintiye anatoka dukani na bunda la uzi. Alilisikia pia gari la maziwa likija kutoka kwenye kona. Mkanda wake haulii tena, maana aliubadilisha yeye mwenyewe wiki iliyopita, na breki akazifunga upya siku hiyo hiyo. Alilisikia na akajua mtoto naye amelisikia, kwa sababu mtoto huyu hulisikia gari hilo likiwa bado sokoni.

Kasuku akaingia barabarani bila kugeuka.

Honi ikalia. Ikalia tena, ndefu, ya kukata tamaa. Fundi alipiga kelele, "Kasuku! Kasuku!" kwa sauti ile ile iliyokuwa ikisikika mtaa wa pili. Mtoto alikuwa anatembea polepole katikati ya barabara, anahesabu vipande vya uzi. Hakugeuza hata shingo.

Breki zilishika. Gari lilisimama hatua mbili kutoka kwake, limekaa upande, madebe mawili yakaruka nyuma yakapasuka. Kasuku alishtuka pale tu alipoona maziwa yanatiririka chini na kufika kwenye viatu vyake. Aligeuka, akaliona gari, uzi ukamdondoka.

Dereva wa maziwa aliteremka mbio. "Nimepiga honi mpaka mkono umeuma! Fundi, mtoto huyu ana nini? Nimepiga honi!"

Fundi Sikio alikuwa tayari amepiga magoti ndani ya maziwa, amemshika bintiye mabega. "Mwanangu, hukulisikia?"

Kasuku alimtazama mdomo. "Kusikia nini, baba?"

Ndugu zangu, kuna maneno yanayompiga mtu kuliko ngumi. Fundi alibaki hapo hapo chini. Baadaye akamshika uso, akamwambia polepole ili asome midomo, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilipopiga chafya. Hili la kulia linavuma tu. Na hili jingine likaziba. Magari ninabahatisha, baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Ulikuwa unakipenda kijiko chako. Sikutaka ujue kwamba kimeniumiza."

Fundi Sikio alilia barabarani saa nne asubuhi, mbele ya wateja wake, mbele ya mwenye duka, na hakujali nani anamwona. Mkewe alifika akikimbia na futi ya kushonea shingoni. Hakumlaumu, ingawa alikuwa na haki. Alisema neno moja tu: "Twende." Dereva wa maziwa akawafungulia mlango wa gari, akawapeleka mwenyewe.

Kwenye kliniki ya masikio, pua na koo kulikuwa na watu wengi kwenye viti virefu. Pembeni yao alikaa dalali wa mnadani ambaye sauti ilikuwa imemkauka miezi mitatu, akawa anaeleza shida yake kwa kuandika kwenye kiganja. Alikuwa amemaliza peremende za koo za duka zima kabla ya kukata shauri la kuja. Mbele yao alikaa kijana mmoja mwenye kichupa cha dawa ya kuzibua pua, anajitia matone kila baada ya nusu saa. Alisema ametumia mwaka mzima na pua inazidi kuziba. Muuguzi aliyekuwa akipita alimwambia dawa hiyo ni ya siku chache tu, ikizidi ndiyo yenyewe inayoziba pua, akakinyakua kichupa na kumwambia akae atulie. Fundi aliwatazama wenzake hao na kwa mara ya kwanza akajiona yumo katika foleni moja nao.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na mikono myepesi. Kasuku alimwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia akimtazama usoni, kisha akamkalisha kwenye kiti kinachozunguka. Alitazama sikio la kulia kwa kurunzi yake ndogo. Alitazama muda mrefu. Akafyonza usaha kwa mrija mwembamba, akatazama tena. Kisha akainua kichwa, akauliza kwa sauti kali:

"Nani amegusa hapa?"

Lilikuwa swali la Fundi mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe.

"Watoto, daktari," alisema. "Wajua watoto, wanajichokonoa wenyewe..."

Mkewe alimgeukia taratibu. Kasuku hakusikia neno lakini alikuwa anamwangalia baba yake mdomo, na Fundi aliona kwamba mtoto ameusoma uongo wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakusema kitu. Alikuwa anamlinda tena.

Hapo ndipo mtu yule alipokuwa mwanamume. Alitia mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa kikopo cha peremende, ambacho siku hizo hakikumtoka mfukoni, akakiweka mezani na kukifungua. "Ni mimi," alisema. "Kwa hiki. Akapiga chafya. Halafu nikamtia mafuta na kitunguu, na nikaendelea kumchokonoa mwezi mzima. Mtoto hana kosa. Ni mimi."

Daktari alikitazama kijiko, akamtazama Fundi, akavua miwani. "Nilijua nakujua. Mwaka juzi nilichokonoa kabureta kwa pini ya nywele, nikaleta gari kwako. Ulinifokea mbele ya watu mpaka nikataka kulia. Lango lako limeandikwa nini?"

"Usiguse," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Lete."

"Basi. Ahsante kwa kusema kweli, sasa najua ninachotibu." Akavuta kiti karibu, na sauti yake ikalainika. Aliwaeleza kwamba sikio la kulia lina tundu kwenye ngoma yake, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti, na vijidudu vimeingia hapo. Pua na sikio ni ndugu kweli, kuna mfereji unaoviunganisha, ndiyo maana mafua hayapuuzwi kwa mtoto anayeumwa sikio. Na nta si uchafu. Inalinda sikio, na kawaida hutoka yenyewe kidogo kidogo. Ukiichokonoa unaishindilia ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwenye sikio la kushoto.

"Atasikia tena?" aliuliza mama. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

"La kushoto tutaona sasa hivi. La kulia, tundu ni dogo. Likitunzwa vizuri, mengi ya namna hii huziba yenyewe. Lisipoziba tutalishona kiraka kwa upasuaji. Lakini siahidi kitu kwa mtu mwenye kijiko."

Aliinamia sikio la kushoto kwa darubini na vyombo vyake, akitoa nta kidogo kidogo. Mara kipande kikubwa cheusi kikatoka. Kasuku akaruka kwenye kiti.

"Mama! Feni inapiga kelele!"

Wote waliangalia juu. Feni ya dari ilikuwa inazunguka na kulia kidogo kila mzunguko, nao hawakuwa wameijali. "Inakwaruza," alisema Kasuku. "Baba, beringi!" Kisha akaiiga. Mama yake alijifunika uso kwa viganja, akalia na kucheka kwa pamoja.

Waliandikiwa matone ya dawa kwa sikio la kulia, wakapewa na masharti. Sikio lisiingie maji. Wakati wa kuoga pamba iliyopakwa mafuta ya mgando izibe mlango wake. Pua ipengwe taratibu, tundu moja moja. Kisiingizwe kitu chochote, na daktari akarudia neno chochote mara tatu akimtazama mtu mmoja tu. Warudi wiki ijayo, kisha mwezi, kisha miezi mitatu.

Sasa niwaambie jinsi Fundi Sikio alivyougeuza ukali wake kuwa dawa. Alitundika karatasi ukutani juu ya cherehani, kama ile ya kubadilisha oili, akatia alama kila tone lilipoingia. Aliipasha chupa kiganjani kwanza, ili dawa isiwe baridi ikamtia mtoto kizunguzungu. Hata usaha ulipokauka hakuacha, mpaka siku za dawa zikatimia. Shule zilipofunguliwa, mwenyewe alikwenda huko na ovaroli yake, akamwomba mwalimu radhi na kumweleza yote, na mwalimu akamhamishia Kasuku dawati la mbele, na siku iliyofuata akamwomba Fundi ushauri, kwa sababu yeye mwenyewe huwa anatumia kifuniko cha kalamu.

Jumapili ya kwanza majirani walikuja na taulo zao kama kawaida. Wakamkuta Fundi amesimama mbele ya benchi, mikono kifuani.

"Leo hatusafishi. Wala kesho. Nendeni mkaonwe na wenye kazi yao."

"Fundi, umeanza kuringa," alisema mwenye duka.

"Ndiyo, nimeanza. Nenda."

Miezi mitatu ilipotimia walirudi kliniki. Daktari alitazama sikio la kulia, na safari hii hakukawia. "Limeziba," alisema. "Safi kabisa." Wakampeleka Kasuku kwenye chumba kisicho na kelele, wakamvisha vifaa vya kusikilizia masikioni, akapewa kitufe abonyeze kila akisikia mlio hata uwe mdogo vipi. Kupitia kioo wazazi walimwona anabonyeza, anabonyeza tena, anabonyeza na kucheka. Muuguzi alitoka na karatasi ya michoro. Masikio yote mawili yalikuwa sawa.

Mama Kasuku alipiga kigelegele katikati ya korido ya hospitali. Muuguzi akamwambia mama hapa kuna wagonjwa, naye akajibu kwamba wagonjwa pia wanahitaji habari njema, akapiga cha pili. Yule dalali wa mnadani alikuwepo siku hiyo, ametibiwa uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti na amefunzwa kuongea bila kupasua koo. Alisema, "Hongereni!" na sauti yake ilitoka.

"Na wewe sasa, kaa," daktari alimwambia Fundi.

"Mimi? Mimi mzima."

"Kaa, baba," alisema Kasuku.

Akakaa. Kwenye sikio lake la kulia, lile la kubania bisibisi, daktari alitoa kizibo cha nta kilichoshindiliwa kwa miaka, kikubwa kama punje ya kunde. Fundi alipoingia gerejini alisimama ghafla katikati ya sakafu.

"Nini hicho kinachogonga?"

"Kompresa, Fundi," alijibu mmoja wa wenzake.

"Tangu lini?"

Wakatazamana. "Mwaka sasa. Tulidhani unajua, wewe si ndiye Sikio?"

Wakasubiri afoke. Akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, nao wakacheka mpaka wateja wakaingia kuuliza kuna nini. Jioni hiyo alikiweka kijiko cha spoki kwenye jiwe la kusagia chuma mbele ya bintiye, cheche zikaruka, hakikubaki hata chembe ya kuonyesha.

Ukipita pale leo utaona lango limepakwa rangi upya. Maandishi ni yale yale, USIGUSE. LETE. Lakini kando yake Kasuku amechora sikio kubwa jekundu, si zuri sana, linafanana na embe, na hakuna anayelikosea maana. Jumapili asubuhi baba na binti wako barazani, wameipa barabara migongo.

"Pikipiki," anasema baba.

"Subiri," anasema Kasuku, kidole hewani. "Nyuma yake kuna gari la maziwa."

Baba anategea. Hasikii kitu. Pikipiki inapita, barabara inatulia, na ndipo kutoka mbali kwenye kona gari la maziwa linapoanza kusikika. Dereva anapiga honi mbili fupi za salamu. Kasuku anazijibu kwa mdomo, sawasawa na zenyewe, na baba yake anapiga goti lake na kumwita mama aje aone maajabu. Siku hizi mama anaacha cherehani na kuja.

Funzo

Wazazi wenzangu, sikio la mtoto si mahali pa kujifunzia ufundi. Usitie humo kijiko, njiti, pini, unyoya, mafuta wala kitunguu. Sikio likiuma, likitoa maji, usaha au damu, au mtoto akianza kuitwa asiitike, mpeleke kwa mganga wa hospitali kabla hujamkanya. Vivyo hivyo pua inayoziba isiyozibuka, na sauti inayokauka ikapita wiki tatu. Mengi ya haya yana tiba, na tiba ni nyepesi yakiwahiwa.

Na ukishakosea, sema. Aibu ya Fundi Sikio ilikaribia kumgharimu mtoto, na siku alipofungua kikopo chake mezani akasema "ni mimi," ndiyo siku uponyaji ulipoanza. Hodari wa kazi yake hapungukiwi na kitu akimpelekea mwenzake kazi isiyo yake. Msiguse. Leteni.